Tathmini ya huduma ya haki jinai kwa mtu aliyejeruhiwa: kutoka kaunta ya polisi hadi hukumu

Watu huandika tathmini za hoteli, za mabasi ya mikoani na za mafundi simu, lakini ipo huduma moja ya umma ambayo ni nadra kuiona ikitathminiwa na watumiaji wake, nayo ni ile anayopewa mtu aliyekatwa panga, aliyepigwa nondo au aliyebakwa pale anapokwenda kuomba haki kwa dola. Mtumiaji wa huduma hii hakuichagua, hana mahali pengine pa kwenda, na mara nyingi huifikia akiwa bado anavuja damu. Nimeipima kwa swali moja tu: katika kila hatua, ni nani mwenye wajibu wa kumweleza majeruhi kinachoendelea? Zipo njia nyingine za kuipima, kama vile kasi ya upelelezi au idadi ya wanaotiwa hatiani, ila hizo huwahusu zaidi wakubwa wa taasisi. Anayeuguza kidonda nyumbani hutaka kwanza kujua shauri lake liko wapi.

Ninayoyaeleza yanatokana zaidi na shauri la shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni seremala na alikatwa panga kwenye mkono wa kulia na jirani waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa kiwanja. Shauri hilo lilifika mahakama ya wilaya, likasikilizwa hadi hukumu na baadaye likakatiwa rufaa, kwa hiyo nimeiona huduma hii karibu yote. Kituo cha polisi, hospitali na mahakama sitavitaja, kwa sababu watumishi wengi tuliokutana nao walifanya kazi ndani ya utaratibu waliopewa, na utaratibu huo ndio ninaoutathmini. Mambo yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na ofisi zake za mashtaka.

Huduma huanzia kaunta. Askari wa zamu husikiliza, huandika taarifa kitabuni, na mlalamikaji hupewa namba ambayo mitaani tunaiita RB. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha shauri hadi litakapopata namba ya mahakama, na anayeipoteza hujikuta akisimulia mkasa wake upya kwa kila askari anayemkuta kaunta. Baada ya RB hutolewa PF3, yaani fomu ya polisi namba 3, ambayo humwomba daktari amchunguze majeruhi na aandike alichokikuta. Fomu hii haiuzwi, na katika kituo tulichokwenda lilikuwapo bango linalosema hivyo, likiwa limebandikwa karibu na lile linalosema kwamba dhamana ni bure.

Tulifika usiku, mkono wa shemeji ukiwa umefungwa kwa khanga ya dada iliyokwisha kulowa. Dada alimwambia askari kwamba mgonjwa anazidi kutoka damu, naye akajibu kwa upole, "Nakuelewa, mama, lakini bila PF3 hospitali hawatampokea, na hapa fomu zimeniishia. Mtume kijana akatoe kopi pale stendi." Kijana akatumwa stendi. Askari huyo hakudai hata senti moja, na siwezi kumlaumu kwa karatasi ambazo hakuletewa, lakini shemeji alikaa kwenye benchi akisubiri kopi wakati kidonda kinahitaji kushonwa. Viongozi wa serikali wameshatamka hadharani kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza na fomu ifuate. Tulipofika hospitali, muuguzi hakuitazama hata hiyo fomu tuliyoisubiri, alisema tu, "Lete huo mkono, baba, karatasi zitafuata." Yaani kauli ya wakubwa ilikuwa imefika wodini na haijafika kaunta, ambako ndiko watu huanzia.

Kwa upande mwingine, askari huyohuyo alifanya jambo moja ambalo baadaye liliubeba upande wa mashtaka. Alimuuliza shemeji, "Unamfahamu aliyekukata?" na alipotajiwa jina aliliandika palepale. Mahakama ya Rufani imesema katika hukumu zake nyingi kwamba uwezo wa shahidi kumtaja mshukiwa mapema kabisa ni hakikisho muhimu la kuaminika kwake, na kwamba anayemjua mhalifu halafu akachelewa kumtaja bila sababu ya msingi huitia mahakama shaka. Kuna pia uamuzi wa mwaka 1980 ambao mawakili wa utetezi huukariri kila shambulio linapotokea usiku. Uamuzi huo unataka shahidi aeleze alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa namna gani, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Haya yote yanajulikana kwa kila mwanafunzi wa sheria, lakini anayeyahitaji zaidi ni mtu aliyeketi kwenye lile benchi, na hakuna anayemweleza. Shemeji alitaja jina kwa sababu aliulizwa. Zamu ingekuwa ya askari mwingine asiyeuliza, sijui tungekuwa tunazungumzia nini leo.

Maelezo kamili yalichukuliwa kesho yake na mpelelezi wa kesi, na hapa huduma ilishuka. Mpelelezi aliandika kwa kufupisha. Shemeji alisema tukio lilitokea saa mbili kasoro, taa ya umeme ya kibarazani ikiwa inawaka. Karatasi ikasema "majira ya saa moja usiku" na taa haikutajwa. Maelezo hupaswa kusomwa mbele ya mtoa maelezo kabla hajatia saini, na kwa kweli yalisomwa, ila kwa kasi ambayo hata mimi niliyekuwa mzima sikuweza kuifuatilia. Shemeji aliweka dole gumba la kushoto kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa kwenye bandeji. Tofauti ile ndogo ya saa na ile taa isiyotajwa ndizo wakili wa utetezi alizozishikilia mahakamani kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote, akimtaka shemeji achague kama alidanganya polisi au anadanganya mahakama. Nakala ya maelezo yake shemeji hakuwa nayo, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua mapema kwamba kuna tofauti yoyote.

Hospitali naipa alama za juu kuliko sehemu nyingine zote za huduma hii, ingawa ndiyo iliyotugharimu fedha nyingi. Daktari wa zamu alishona kidonda, akaeleza kwamba kano za vidole viwili zimeguswa, kisha akaijaza PF3 kwa Kiingereza. Alipomaliza alimgeukia shemeji na kumfafanulia kwa Kiswahili kila alichokiandika: urefu wa jeraha, kwamba limesababishwa na kitu chenye ncha kali, na kwamba kwa maoni yake ni jeraha kubwa kwa sababu huenda likaacha ulemavu. Kauli hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Kanuni ya Adhabu hutenganisha madhara ya kawaida na madhara makubwa, na miongoni mwa yanayohesabiwa kuwa makubwa ni yale yanayoharibu afya au kiungo kwa kudumu. Tofauti hiyo ndiyo humpeleka mshtakiwa kwenye kosa la kusababisha madhara makubwa, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 7, badala ya shambulio la kudhuru mwili lenye adhabu ya juu ya miaka 5. Daktari ambaye hana muda au haandiki kwa uwazi huweza kulishusha shauri bila kukusudia. Huyu alikuwa na foleni ndefu mlangoni na bado alitenga dakika chache za kueleza. Katika safari nzima ndiye mtumishi pekee aliyefanya hivyo bila kuombwa.

Gharama za nyuzi, picha ya eksirei, dawa na kliniki za kufuatilia mkono zilitoka mfukoni mwetu. Dada alihifadhi risiti zote kwenye mfuko wa nailoni, na nitazirudia risiti hizo zitakapohitajika.

Upelelezi ndiyo sehemu mbovu kuliko zote, na ubovu wake ni ukimya. Mtuhumiwa alikamatwa, akalala ndani, akatoka kwa dhamana ya polisi. Dhamana ni haki yake kisheria kwa kosa la namna ile, na sina ugomvi nayo. Ninalolalamikia ni kwamba dada alijua kuwa mtu huyo yuko nje pale alipokutana naye bombani, kila mmoja na ndoo yake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mashauri mengi ya mahakama za chini hayapelekwi mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa. Mabadiliko hayo yaliletwa kwa nia njema, kwani watu walikuwa wakisota mahabusu miaka kwa miaka wakiambiwa kwamba upelelezi bado unaendelea. Kwa majeruhi, hata hivyo, yamezaa kipindi ambacho hakuna tarehe ya mahakama, hakuna hati yoyote mkononi, na mtuhumiwa yuko mtaani kama kawaida. Tulipopiga simu kwa mpelelezi, mara haikupokelewa, mara tuliambiwa jalada liko kwa wakili wa serikali, na hatimaye tukaambiwa kwamba mpelelezi amehamishiwa kituo kingine na jalada limekabidhiwa kwa mwenzake, ambaye hakuwa amelisoma.

Ukimya huo ndio unaotoa nafasi ya kumalizana. Wazee wa pande zote mbili walikuja nyumbani wakiongozana na balozi wa nyumba kumi, wakazungumza kwa adabu, wakasema nyinyi ni majirani na watoto wenu wanasoma pamoja, wakataja kiasi cha fedha. Jambo lililonishangaza ni kwamba mpelelezi wa pili naye alishauri vivyo hivyo kwa simu: "Kayazungumzeni kwanza kifamilia, kesi zina usumbufu." Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza usuluhishi katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya watu binafsi ambayo si makubwa, haimpi askari mamlaka ya kulirudisha jeraha la kiwango kile sebuleni. Siwalaumu wanaokubali. Mtu asiyejua kama shauri lake bado lipo, ambaye mkono wake haushiki tena randa na kodi ya banda la useremala inadaiwa, huona fedha zilizo mezani kuwa ndiyo haki pekee iliyomfikia. Shemeji alikataa kwa sababu dada alikataa.

Hapa inafaa kulisema Dawati la Jinsia na Watoto, kwa sababu linaonyesha kwamba jeshi lilelile la polisi linaweza kutoa huduma tofauti. Niliwahi kumsindikiza mpangaji mwenzetu aliyekuwa akipigwa na mumewe. Alipelekwa kwenye chumba cha pembeni chenye mlango unaofungwa, akasikilizwa na askari mwanamke asiyevaa sare, akapewa jina la askari huyo na namba yake ya simu, na akaambiwa siku ya kurudi. Wiki iliyofuata alipigiwa simu. Madawati haya sasa yapo kwenye vituo vya polisi zaidi ya 400 nchini. Vipo pia vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi, ustawi wa jamii na ushauri nasaha hupatikana chini ya paa moja. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, ilianza mwaka 2011, na hospitali kadhaa za Bara zimefuata. Mwathirika wa ubakaji anayefikia kituo cha aina hiyo hahitaji kusimulia mkasa wake mbele ya foleni ya kaunta, tena huchunguzwa mapema, jambo ambalo lina maana kubwa kwa ushahidi na kwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, ambazo hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Sioni sababu ya mwanamume aliyekatwa panga, au mama lishe aliyeporwa na kupigwa nondo, kukosa walau lile jambo moja la dawati: mtumishi mwenye jina anayelijua shauri lake.

Mahakamani, shemeji aligundua kwamba shauri si lake. Hati ya mashtaka ilisema Jamhuri dhidi ya fulani, wakili wa serikali akaiwakilisha Jamhuri, wakili wa kujitegemea akamwakilisha mshtakiwa, na aliyekatwa akaitwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Msingi wa jambo hili naufahamu: jinai ni kosa dhidi ya umma, na kuitoa mikononi mwa aliyekosewa huzuia visasi. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliyoanzishwa mwaka 2018, imeleta pia mawakili wenye taaluma mahali ambapo zamani polisi walipeleleza na kuendesha mashtaka wenyewe. Lakini matokeo yake kwa shahidi wa kwanza ni ya ajabu. Alikutana na wakili wa serikali asubuhi ya siku ya ushahidi, kwenye korido, kwa muda usiotosha hata kunywa chai. Aliambiwa ajibu kwa ufupi na asiogope. Kuhusu risiti za matibabu hakuulizwa, naye hakujua kwamba zina kazi.

Cha kushangaza ni kwamba ngazi ya chini kabisa humheshimu zaidi. Katika Mahakama ya Mwanzo hakuna mwendesha mashtaka wa serikali. Mlalamikaji husimama mwenyewe, huita mashahidi wake, humuuliza mshtakiwa maswali, na yote hufanyika kwa Kiswahili. Mtu aliyezabwa makofi sokoni huwa na sauti kubwa mahakamani kuliko aliyekatwa mkono. Mahakama za juu zilianza kuukaribia utaratibu huo, kwa upande wa lugha angalau, baada ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na katika shauri letu hakimu aliendesha kikao kwa Kiswahili safi kilichoeleweka na kila aliyekuwa ndani ya chumba. Hilo nalisifu bila kusita.

Kuahirishwa kulikuwa kwingi. Mara hakimu yuko kwenye semina, mara wakili wa utetezi yuko Mahakama Kuu, mara daktari aliyejaza PF3 amehamishwa mkoa na samansi haijamfikia. Kila mara shemeji alifunga banda, akapanda basi, akakaa kwenye benchi moja la nje pamoja na ndugu za mshtakiwa, kwa sababu mahakama ile haikuwa na sehemu tofauti ya mashahidi. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo ni sheria nzuri kwenye karatasi, lakini kwa mashahidi wa aina yetu ulinzi wa kwanza ungekuwa benchi la pili upande wa pili wa jengo. Posho ya shahidi aliulizia mara moja, akaambiwa fungu halijaingia, naye hakuulizia tena.

Mshtakiwa alitiwa hatiani, akahukumiwa kifungo na kuamriwa kumlipa shemeji fidia. Sheria inairuhusu mahakama kutoa amri ya fidia kwa aliyeumizwa pale mtu anapotiwa hatiani, na katika ubakaji Kanuni ya Adhabu inaitaja fidia moja kwa moja pamoja na kifungo kisichopungua miaka 30. Kiasi hukadiriwa na mahakama kwa kuangalia ushahidi uliopo mbele yake, na mbele ya hakimu wetu hapakuwa na risiti hata moja. Zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, chini ya benchi alilokalia dada. Fidia iliyotolewa haikufika nusu ya tulichotumia hospitali, na haikugusa kabisa suala la seremala asiyeweza tena kukaza kiganja. Hapo ndipo nilipoona kwamba tofauti kati ya haki nusu na haki inayoeleweka ilikuwa sentensi moja ambayo hakuna mtumishi aliyekuwa na wajibu wa kuitamka: njoo na risiti zako.

Rufaa hatukuijua kabisa. Aliyetiwa hatiani alikwenda Mahakama Kuu, kama ilivyo haki yake, na kwa kuwa mjibu rufaa ni Jamhuri, shemeji hakupelekewa hata karatasi. Niliikuta hukumu ya rufaa mwenyewe kwenye TanzLII, tovuti ambamo maamuzi ya mahakama zetu huwekwa bure kwa kila mtu, nilipokuwa nikitafuta jambo jingine. PF3 ilikuwa imeondolewa kwenye kumbukumbu za shauri kwa sababu haikusomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa kuwa kielelezo. Kasoro hiyo si ngeni: Mahakama ya Rufani imesisitiza kwa zaidi ya miaka 20 kwamba hati ikipokelewa lazima isomwe ili mshtakiwa ajue kilichomo, na hata hivyo fomu za aina hiyo zinaendelea kuondolewa rufaa baada ya rufaa. Wapo pia watoto ambao ushahidi wao ulianguka kwa sababu, baada ya mabadiliko ya mwaka 2016, hakimu hakuandika kwamba mtoto ameahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Haki ya mshtakiwa ya kujua kinachomkabili siipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kosa linafanywa na ofisi, na anayelilipia ni aliyejeruhiwa. Katika shauri letu daktari alikuwa ametoa ushahidi wa mdomo, mahakama ikauona pamoja na wa shemeji kuwa unatosha, na hatia ikabaki. Kama daktari yule asingepatikana, aliyemkata shemeji angeweza kurudi nyumbani na sisi tungejua kwa kumwona bombani kwa mara ya pili.

Wasomaji wa Kenya huenda wanashangaa, kwa kuwa kwao sheria ya kuwalinda waathiriwa ilitungwa mwaka 2014 kufuatia agizo la Katiba yao, ikaunda bodi na mfuko maalumu, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi, ikiwemo kupitia wakili wake, chini ya usimamizi wa mahakama. Ndugu zangu wa Mombasa huniambia kwamba sheria kuwepo na sheria kumfikia mtu ni mambo mawili, nami ninawaamini. Hata hivyo wao wana kifungu cha kumwonyesha afisa asiyetaka kuwajibu. Kwetu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilitungwa mwaka 1985, mwaka uleule ambao Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la misingi ya haki kwa waathirika wa uhalifu, linalotaka waelezwe nafasi yao, tarehe na maendeleo ya mashauri yao. Sheria yetu imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa mwaka 2019, yanamtaka mwendesha mashtaka awasiliane na mwathirika au mpelelezi pale mazingira yanaporuhusu. Hayo ni maneno machache, yenye mlango mpana wa kutorokea, ila yanaonyesha kwamba inawezekana kumwandika majeruhi ndani ya sheria.

Kwa jumla, huduma hii naipa nyota mbili kati ya tano: moja kwa daktari na muuguzi, na nyingine naigawa kati ya askari aliyeuliza jina na hakimu aliyezungumza Kiswahili. Tume iliyoundwa na Rais mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuangalia taasisi za haki jinai ilipokea maoni ya wananchi wengi, na marekebisho yanazungumzwa. Mimi ningetosheka na jambo la bei nafuu: ujumbe wa simu kwa mlalamikaji kila mtuhumiwa anapopewa dhamana, kila jalada linapobadilisha mikono, kila tarehe inapopangwa na kila rufaa inapofunguliwa. Luku hututumia ujumbe kwa uniti chache za umeme, kwa hiyo siamini kwamba tatizo ni mitambo.

Kwa atakayeihitaji huduma hii kesho, na simwombei, kuna mambo yanayosaidia. Mtaje unayemjua usiku uleule na useme ulimwona kwa mwanga gani. Piga picha ya RB na ya PF3 pande zote kabla hazijaondoka mikononi mwako. Usifue nguo zenye damu. Zikabidhi kwa mpelelezi. Maelezo yako yakisomwa haraka, mwombe afande ayarudie polepole kabla hujaweka saini. Chukua namba ya shauri kwa karani siku ya kwanza mahakamani, kwa maana ukiwa nayo unaweza kuuliza tarehe bila kumtegemea mtu. Risiti zote mpe wakili wa serikali kabla hujapanda kizimbani, hata kama hakukuuliza. Na siku ya hukumu, mahakama ikiamuru fidia, usiondoke kabla hujamuuliza karani namna ya kuomba utekelezaji wake, kwa sababu amri hiyo haijitekelezi yenyewe: shemeji alikuja kuambiwa hivyo muda mrefu baadaye, na ombi lake bado linasubiri kupangiwa tarehe.